Daktari wa akili aliyempeleka mwanangu shule ya Kifaransa

Jamani, tangu tuhamie Montreal, jimbo la Quebec, nimekuwa nikiulizwa na ndugu zangu wa Dar: kwa nini mtoto hasomi Kiingereza, na yuko Kanada? Jibu ni daktari mmoja, Camille Laurin.

Huyu mzee alikuwa tabibu wa magonjwa ya akili. Mwaka 1961 mtu aliyewahi kulazwa Saint-Jean-de-Dieu, hospitali ya akili ya Montreal, alitoa kitabu kuhusu mateso ya humo, na Laurin akakubali kuandika maneno ya kufungia kitabu hicho. Kelele zikawa kubwa hadi serikali ya jimbo ikaunda tume ya kuchunguza hospitali za akili. Kwangu mimi, siasa yake ilianzia hapo hasa, hata kama alichaguliwa mbunge wa Quebec mwaka 1970. 1973 wakamwangusha, 1976 akarudi, safari hii kama waziri.

Agosti 1977 Sheria 101 aliyoisimamia, ile ya kulinda lugha ya Kifaransa, ikapita. Watoto wa wahamiaji, shule ya Kifaransa. Mabango ya biashara, Kifaransa. Hata kibao chekundu cha kusimamisha magari pale kona ya kwetu kimeandikwa ARRÊT, wakati huko Ufaransa kwenyewe wameandika STOP!

Wafaransa-Kanada wa enzi zake walikuwa wengi jimboni lakini kazini bosi alizungumza Kiingereza. Laurin aliliona hilo kama jeraha la nafsi, kidaktari kabisa. Wazungumzaji wa Kiingereza wa Montreal hawakumpenda hata kidogo, na sishangai.

Mwanangu sasa ananisahihisha Kifaransa mbele ya wageni. Bila haya.