Kisogo cha Llanbadarn

Mwalimu aliyenisomesha Kiwelshi cha kale hakujua neno hata moja la Kiswahili, na bado ndiye aliyenishika nikidanganya katika tafsiri. Alinishika kanisani, mbele ya watu wanane, Jumapili moja ya Novemba 2009, mvua ikipiga madirisha.

Nilikuwa Aberystwyth, mji wa chuo ulio ukingoni mwa bahari magharibi ya Wales, nikisomea utunzaji wa nyaraka. Ushairi haukuwamo katika mpango wangu. Huyo mwalimu, mama mmoja mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa akiwakusanya watu sebuleni kwake kila Alhamisi jioni kusoma mashairi ya karne ya 14. Nilijiunga kwa sababu nyumba yake ilikuwa na moto na chai, na chumba changu hakikuwa na kimoja wala kingine. Heshima kwa fasihi ilikuja baadaye.

Mshairi wetu alikuwa Dafydd ap Gwilym. Wenyewe wanamweka juu ya wote, na inasemekana alizaliwa Brogynin, kilomita chache tu kutoka mjini pale. Nilimtarajia mzee wa hekima na mawaidha. Nikakuta kijana anayelalamika kwamba wasichana hawamtaki. Shairi tulilopewa muhula ule linaitwa “Merched Llanbadarn”, yaani wasichana wa Llanbadarn, kijiji cha jirani na mji ule, na linaanza kwa hasira: amepinda mgongo kwa ghadhabu, tauni iwashukie mabinti wote wa parokia! Kila Jumapili yumo kanisani, na haendi kwa ajili ya sala. Amevaa kofia yenye unyoya, anachungulia juu ya unyoya huo akiwatazama watu wa parokia yake, na msichana mmoja anamnong'oneza mwenzake: mtazame yule wa rangi ya kufifia, uso wa madaha, kichwani nywele za dada yake. Mwenzake anajibu kwamba jamaa huyo hatapata jibu maisha yake yote, na aende kwa shetani.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Miaka zaidi ya 650 imepita, na kejeli ile ingeweza kusemwa jana kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa.

Kusoma kwenyewe kulikuwa kazi. Neno la Kiwelshi hubadilika mbele, si nyuma tu. Msichana ni merch, lakini katika shairi utamkuta kama ferch. Mungu ni Duw, utamkuta kama Dduw. Wenzangu wawili kutoka London walikuwa wakiteseka: wanafungua kamusi kubwa ile ya juzuu nne, iliyoanzwa 1921 ikamalizika 2002, wanatafuta ferch kwenye F, hawaioni. Mimi sikushangaa. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba ndimi inatafutwa kwenye ulimi, na ndefu kwenye -refu. Hapo nilijiona hodari kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha nikafika kwenye “nywele za dada yake kichwani mwake.” Pen ni kichwa. Ei ben ni kichwa cha mwanamume, ei phen ni kichwa cha mwanamke. Herufi moja mbele inabeba jinsia, na “chake” yetu haijali kabisa. Nikalichokonoa kumbukumbu hadi likaja neno ambalo nilikuwa nikilisikia kwa wazee tu: umbu. Nywele za umbu lake. Dada wa mwanamume, ndugu wa jinsi nyingine, basi hakuna utata tena. Sikumbuki mara ya mwisho kulitumia neno hilo kwa kitu chochote, na sasa lilikuwa limenifaa katika mvua ya Wales.

Kilichonikamata hasa ni vina. Mtindo wake unaitwa cywydd: mistari inakwenda miwili miwili, kila mstari mizani saba, na kina cha mwisho. Lakini mstari mmoja sharti uishe kwa silabi yenye mkazo na mwenzake uishe kwa silabi isiyo na mkazo. Llanbadarn na barn. Kiwelshi, kama Kiswahili, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika Llanbadarn mkazo uko kwenye “bad” na ile “arn” inaanguka kimya kimya. Barn ni neno la silabi moja, linapigwa kama ngoma. Mwalimu alisema Waingereza huwa hawaisikii “arn” ya kwanza kabisa. Masikio yao yanadai kina kiwe na mkazo. Nilimwambia kwamba ushairi wa kwetu wote umesimama juu ya silabi hiyo inayoanguka. Alinitazama kwa muda, akaniongezea chai bila kuniuliza.

Juu ya vina kuna cynghanedd, mwitikiano wa konsonanti ndani ya mstari. Hiyo sikuigusa. Mtu ajue mipaka yake.

Basi, Alhamisi moja akatuambia: Jumapili ijayo saa tisa mchana, ibada zikiwa zimekwisha, tutakwenda Llanbadarn Fawr kwenyewe, kanisani mle mle. Kila mmoja asome mistari minne, kwanza kwa Kiwelshi, kisha kwa lugha yake. Mistari yenyewe ni hii:

Ni bu Sul yn Llanbadarn
Na bewn, ac eraill a'i barn,
A'm hwyneb at y ferch goeth
A'm gwegil at Dduw gwiwgoeth.

Haikupita Jumapili huko Llanbadarn bila mimi kuwamo, wengine na wanilaumu, uso wangu kwa msichana aliyetakata na gwegil yangu kwa Mungu aliyetakata zaidi.

Tulikwenda kwa miguu, kama nusu saa kutoka mjini. Kanisa ni kubwa kuliko kijiji, la mawe, lenye umbo la msalaba, la karne ya 13. Kwa hiyo Dafydd alilikuta likiwa limesimama. Ndani kuna misalaba miwili ya mawe ya kale, iliyochongwa karne nyingi kabla yake. William Morgan, aliyetafsiri Biblia nzima kwa Kiwelshi ikatoka 1588, naye aliwahi kuwa kasisi hapo. Mwalimu alinieleza habari hiyo kwa mkazo fulani, nadhani kunitia hofu mimi mtafsiri wa mistari minne.

Msichana wa Brittany, huko Ufaransa, alisoma kwa Kibretoni. Mkulima mmoja mstaafu, ambaye Kiwelshi ndiyo lugha yake ya kuzaliwa, alisema yeye ameshatafsiriwa, akaketi. Zamu yangu ikafika. Nikasoma. Mwalimu akasema nieleze neno kwa neno. Nikaeleza: moyo wangu kwa msichana mrembo, na Mungu nimemsahau.

“Gwegil iko wapi?” akauliza, na akajigusa nyuma ya kichwa, pale nywele zinapoishia.

Nikasema Kiswahili hakina neno zuri kwa hilo.

Huo ndio uongo wenyewe. Neno lipo, tena halina mpinzani: kisogo. Uso na kisogo, kama wyneb na gwegil, kitu kimoja sawasawa. Na kwetu kumpa mtu kisogo hakuhitaji kuelezwa. Akupaye kisogo si mwenzio. Nilikuwa nimeliandika usiku wa Ijumaa, nikalikata. Mimi ni Muislamu, mtoto wa chuo cha Kurani, na kuandika kwa mkono wangu kwamba nampa Mungu kisogo kulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. “Nimemsahau” ilikuwa na adabu. Kila mtu husahau.

Mwalimu hakubishana. Alinishika bega akanipeleka katikati ya kanisa, akanisimamisha nikitazama mashariki, kwenye madhabahu. “Kijana anasimama hivi,” akasema. “Msichana yuko nyuma yake. Sasa mtazame.”

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa mkulima mstaafu akinipungia mkono, watu wakacheka, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa msikitini, Mombasa, na umri wa miaka kumi na mitano. Wanaume mbele, wanawake nyuma, kibla upande mmoja tu. Ukitaka kumwona kimwana aliyekuja na mama yake, hakuna hila: lazima ukipe kibla kisogo. Nilikuwa nimeufanya ugeuzi huo mimi mwenyewe, si mara moja, nikijifanya natafuta viatu. Dafydd hakuwa amesahau kitu. Alijua barabara Mungu yuko upande gani, ndiyo maana anaweza kusema ni kiungo gani alichompa.

Nikakaa kwenye benchi la nyuma na kalamu. Mistari miwili ya mwisho ilikuja papo hapo:

Uso nampa kimwana,
Kisogo nampa Bwana.

Mizani nane badala ya saba, lakini nane ndiyo ya utenzi, nikajisamehe. Nikaisoma kwa sauti. Mwalimu akauliza kisogo ni nini, nikajigusa nyuma ya kichwa. Akatikisa kichwa kuridhika, akasema sasa tukanywe chai. Mistari miwili ya kwanza haikuja. Jina la Llanbadarn lilikataa kuingia kwenye mizani, hasa hiyo ll ya mwanzo, ambayo huitamki bali unaipuliza pembeni mwa ulimi.

(Lipo pia suala la mwisho wa shairi, ambapo mshairi analalamika kwamba ametazama mno mpaka kichwa kimepinda, na mwenzi hana. “Shingo upande” ingekaa vizuri ajabu, ila msomaji wetu angedhani amefanya kwa kulazimishwa. Jambo hilo halijanitoka hadi leo.)

Usiku nilimpigia simu ami yangu, ambaye hutunga, na ambaye hajawahi kuukubali utungo wangu wowote.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Huko baridi?”

Nikamweleza yote, kanisa na msikiti, viatu nikaviacha. Akauliza mizani ngapi kwa asili. Saba, nikamwambia. “Witiri!” akasema, yaani idadi isiyogawika kwa mbili, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari ya msiba. Kisha nikamsomea mistari yangu miwili. Kimya. Nilidhani simu imekatika, kadi za simu za siku zile zilikuwa na tabia hiyo. Kumbe alikuwa akihesabu kwa vidole.

“Hii ni nusu ya ubeti,” akasema. “Kichwa chake?”

Nikasema kimenishinda. Nikampa maana: kila Jumapili yumo, na watu wanamlaumu. Nikasikia anamwambia mtu apunguze redio. Halafu, bila haraka, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe jambo ambalo wote wawili wanalijua:

“Jumapili, hapo tena, na watu wakininena, uso nampa kimwana, kisogo nampa Bwana.”

Niliandika nyuma ya risiti. Nikaisoma mara mbili, kisha nikamwambia, “Lakini ami, jina la mahali. Llanbadarn haimo.”

“Imo,” akasema. “Hapo.”