Beringi ya konrodi iliponianzia kugonga: nilivyoitengeneza

Injini ikianza kugonga kwa chini, swali la kwanza la wengi huwa ni je, nitengeneze au nitafute injini nyingine. Mimi naona lipo swali la kutangulia hilo: beringi imeuawa na nini? Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu inayozunguka chini ya injini, na beringi yake haifi yenyewe. Ukifunga mpya bila kumjua muuaji, na hiyo mpya itakufa. Nimelipitia hili kwa gari langu dogo la petroli, silinda nne, sisi 1500, na naandika kwa ajili ya mwenye gari ambaye sauti hiyo imemwanzia leo.

Nilikuwa natoka Dodoma kwenda Morogoro. Kwenye vilima vya Gairo taa ya oili iliwaka, ikazima, ikawaka tena, kisha chini ya injini ikaja ko-ko-ko nzito inayofuata mguu wangu kwenye mafuta. Nilizima injini palepale, gari likaserereka hadi pembeni. Nikachomoa kijiti cha oili, nikafuta, nikapima: oili imejaa hadi alama ya juu. Dereva mmoja wa Fuso alisimama akanishauri, "Dada, ongeza oili nzito, twende mdogo mdogo, utafika." Alikuwa na nia njema, nikamshukuru, lakini nilitafuta gari la kunivuta.

Sababu ni hii. Beringi ni vipande viwili vya bati vilivyopinda nusu duara, mgongo wa chuma, ndani madini laini. Kati yake na krenki kuna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita, na nafasi hiyo inakaa oili yenye shinikizo. Oili ikikosekana, chuma kinasagana na madini laini, nafasi inapanuka, na kila pistoni inaposukumwa chini konrodi inapiga krenki. Ukiendelea kuendesha, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo huna tena cha kutengeneza. Oili nzito inapunguza kelele tu. Gharama ya kuvutwa iliniuma, lakini ndiyo iliyoiokoa krenki yangu.

Gereji tulianza kwa kusikiliza, sekunde chache tu. Tapeti, visukuma valvu, hugonga kwa juu, sauti nyepesi kama cherehani. Pistoni iliyolegea hupiga kelele injini ikiwa baridi, ikipata moto inatulia. Beringi ya konrodi ni kinyume chake: moto unaifanya oili kuwa nyepesi, kwa hiyo kugonga kunaongezeka, na husikika zaidi pale unapoachia mafuta kidogo kutoka kwenye mizunguko ya kati. Fundi akachomoa moja moja soketi za koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Alipofika ya tatu, kugonga kukapungua sana. Silinda ile ikiacha kuchoma, konrodi yake haisukumwi kwa nguvu, ndiyo maana.

Kisha tukaikata filta ya oili. Tumia mkasi wa bati, usitumie msumeno, kwa sababu chenga za msumeno zitachanganyika na unachokitafuta. Tuliikunjua karatasi yake juani, ikawa inametameta kwenye kila mkunjo. Nikapitisha sumaku: vingi havikunaswa. Chuma cha krenki au cha gia kingenaswa. Hayo yalikuwa madini ya beringi.

Lakini oili imejaa, sasa njaa imetoka wapi? Jibu lilikuwa kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Muda si mrefu kabla ya safari ile, gereji moja iliifungua sampu kuzuia uvujaji na kuibandika upya. Tulipoishusha, stena ya pampu ya oili, chujio la wavu linalopitisha oili kwenda kwenye pampu, ilikuwa imezibwa na vipande vya silikoni nyekundu, gundi ya kuzuia uvujaji, vingine virefu kama nusu ya kidole. Nilivibandua kwa mkono wangu, kimoja kimoja, na moyo uliniuma. Silikoni ya sampu inatakiwa mstari mwembamba. Ikizidi, inabanwa kwa ndani, inakatika, na oili inaibeba hadi kwenye stena. Kwenye tambarare pampu ilipata ya kuvuta. Kwenye mlima, mizunguko ikiwa juu, haikutosha.

Kofia ya konrodi ya tatu ilipofunguliwa, beringi ya upande wa juu, ule unaobeba nguvu ya mlipuko, ilikuwa imelika mpaka rangi ya shaba inaonekana. Krenki ilikuwa na mikwaruzo. Ukipitisha ukucha, unakwama. Nafuu ni kwamba beringi haikuwa imezunguka ndani ya konrodi, na konrodi haikuwa na rangi ya buluu ya kuungua. Ingekuwa nayo, ningebadili na konrodi.

Fundi alipendekeza tupige msasa krenki kwa mkono pale kwenye namba tatu tu, tufunge beringi mpya. Nikamwambia, "Fundi, msasa wa mkono hauleti duara." Tulibishana kidogo, akakubali. Injini ya mtumba niliifikiria pia, lakini unanunua kitu usichojua kilitumikaje, na namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuna kazi ya kurekebisha kumbukumbu kwa mamlaka ya mapato, TRA. Kuta za silinda zangu zilikuwa safi. Nikaamua kutengeneza.

Krenki ilipelekwa kwa wenye mashine. Vikalio vya konrodi, yaani sehemu za krenki ambazo konrodi zinazishika, kipenyo chake milimita 40, vilipimwa kwa maikromita, vikakerezwa vyote vinne hadi 39.75, tukanunua seti ya beringi za 0.25, zinazofidia kipimo kilichopungua. Uliza kwanza, maana si kila krenki inakubali kukerezwa. Na ikirudi kutoka kwenye mashine, isafishe matundu yake ya oili kwa brashi, petroli na upepo. Hapa sikutaka haraka kabisa. Uchafu uliobaki kwenye tundu moja unatosha kuharibu kazi yote. Pampu ya oili nayo nilibadili, kwa kuwa chenga zilishapita ndani yake.

Wakati wa kufunga nilikaa karibu. Kila kofia inarudi kwenye konrodi yake na upande wake. Mgongo wa beringi unakaa mkavu na safi, oili inapakwa upande wa krenki tu. Bolti za konrodi tuliweka mpya, tukazikaza kwa spana ya kipimo kisha tukaongeza nyuzi 90. Kabla ya hapo tulipima nafasi kwa uzi wa plastiki unaolazwa juu ya krenki: unakaza kofia bila kuzungusha chochote, unafungua, unalinganisha upana wa uzi uliobonyea na karatasi yake. Tulipata karibu milimita 0.03, ndani ya kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Hatukuwasha moja kwa moja. Tulichomoa koili na fyuzi ya injekta ili injini isiwake, tukapiga stata kwa vipindi hadi taa ya oili ikazima, ndipo tukarudisha kila kitu. Kwenye tundu la sensa ya oili tulifunga geji ya shinikizo: injini ikiwa na moto, kwenye mizunguko 3000, ilisoma zaidi ya bar 3. Kugonga hakukuwepo.

Baada ya kilomita 500 nilimwaga oili, nikaikata tena filta. Kulikuwa na vumbi dogo la kumeta, la kawaida kwa sehemu mpya zinazozoeana. Filta iliyofuata ilitoka safi, nikarudi kwenye ratiba yangu ya kilomita 5000. Sampu sasa inabandikwa nikiwa nimesimama pale, na silikoni naikagua kabla haijafungwa.