Jinsi nilivyoponya kidonda cha mgongoni cha punda wa maji

Punda niliyemnunua kijijini kwetu, mkoani Dodoma, kutoka kwa mchota maji aliyekuwa karibu kumtelekeza porini, alikuwa na kidonda kipana kama kiganja juu ya uti wa mgongo. Nilikiosha kila asubuhi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, lakini kila nilipomrudisha kazini gaga lilibanduka upya. Afisa mifugo wa kata ndiye aliyenionyesha kosa langu: nilitibu kidonda huku nikiacha chanzo chake, yaani gunia lililokunjwa na kamba ya nailoni, vilivyoukandamiza uti wenyewe.

Nilimpumzisha mpaka ngozi ikafunga, jambo lililochukua wiki sita na kunilazimu kusukuma madumu kwa baiskeli (majirani walicheka sana). Wakati huo nilishona mito miwili minene ya turubai, nikaijaza majani makavu, kisha nikaiunganisha kwa mikanda mipana ili ikae juu ya mbavu pande zote mbili, na katikati ubaki mfereji ambamo hakuna kinachogusa mfupa. Mzigo nao niliupunguza kutoka madumu manne ya lita 20 hadi mawili, kwa kuwa punda huficha maumivu na huendelea kubeba hata anapoumia. Tangu hapo naupapasa mgongo wake kila jioni. Manyoya yaliyoota pale ni meupe, lakini ngozi ni nzima.