Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa dharura, Nairobi

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu kutoka kwa wenzangu wa usiku, kisha nahakikisha mashine ya ECG, inayopima umeme wa moyo, inafanya kazi.

Saa 3. Mzee anayebeba marobota ya mitumba Gikomba. "Sista, nikipanda ngazi kifua kinabana. Nikikaa kidogo kinaachia." Imekuwa hivyo miezi kadhaa. ECG haina jambo jipya. Hiyo ni anjaina: mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba, na kazi ikizidi damu haitoshi. Akipumzika, au akiweka kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi, maumivu huisha kwa dakika chache na msuli wa moyo unabaki mzima. Kabla hajaenda kliniki ya moyo namwonya: "Mzee, siku yatakapokupata umekaa tu, au yazidi dakika kumi na tano, usingoje kesho. Njoo hapa."

Saa 6 mchana. Binti amemleta mamake, muuza mboga mwenye kisukari. Kifua hakimuumi. Anatoka jasho baridi, taya linauma, anatapika.

"Ilianza lini, mama?"

"Alfajiri, mwanangu. Nilidhani ni vidonda vya tumbo."

Wengi hudhani hivyo, na wenye kisukari ndio wanaonitia hofu zaidi, maana moyo wao unaweza kuumia bila kifua kupiga kelele. ECG tunaifanya ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa afike. Yake inaonyesha wazi: mshtuko wa moyo. Damu imeganda, mshipa umeziba, msuli unakufa kila dakika. Anatafuna aspirini ya miligramu 300, na daktari anaanza dawa ya kuyeyusha bonge hilo la damu. Muda wa dawa hiyo ni ndani ya saa kumi na mbili. Afadhali hawakungoja jioni.

Saa 7. Chakula, haraka.

Saa 9. Makanga wa matatu, kifua kinabana tangu saa 8. ECG safi, troponini ya kwanza safi. Anataka kurudi kazini, gari linamngoja nje. Namkatalia. Troponini hutoka kwenye msuli ulioumia, na huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye damu.

"Kakangu, tunapima tena baada ya saa tatu."

Saa 12 jioni. Ya pili imepanda. Namwita daktari, kisha natoka kumwambia dereva aende bila yeye.