Bidii ya Epafra

Somo: Wakolosai 4:12–16 na Ufunuo 3:14–22

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi mmeniomba picha za safari yetu ya Kolosai. Ninazo, lakini ni za kilima kilichoota nyasi, mawe mawili matatu, kibao chenye jina la mji, na nyuma yake mlima Honaz ukiwa na theluji kileleni. Basi. Tulikuwa tumetoka Efeso, kwenye nguzo na barabara za marumaru, tukadhani kila mji wa Biblia huko Uturuki utakuwa hivyo. Mwongozaji alitupa dakika 20 tu, maana wageni wengi hawashuki hata kwenye basi.

Sisi tulishuka. Tukakaa kwenye nyasi, tukausoma waraka wote kwa zamu, sura zote nne. Haukuchukua hata hizo dakika tulizopewa. Ulipofika mstari wa Epafra, aliyekuwa anasoma alikuwa mama mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima, ambaye kwa miaka 19 amekuwa akifunga kila Jumatano kwa ajili ya mwanawe aliyeacha wokovu. Akasoma: “akifanya bidii siku zote kwa ajili yenu katika maombi yake.” Akanyamaza. Mwingine akampokea kumalizia.

Epafra alikuwa mtoto wa pale pale. Ndiye aliyewaletea injili, Paulo anasema hivyo kwenye sura ya kwanza, na Paulo mwenyewe watu wale walikuwa hawajamwona uso. Lakini waraka ulipoandikwa Epafra alikuwa mbali na kwao, na katika Filemoni anatajwa kuwa amefungwa pamoja na Paulo. Hakuweza kurudi kuwaona. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa maombi, na Paulo anashuhudia kwamba juhudi yake ilikuwa kwa miji mitatu: Kolosai, Laodikia na Hierapoli. Kutoka hapo kilimani Laodikia ni mwendo wa kilomita kama 16 tu. Ni bonde moja.

Tukiwa tunarudi kwenye basi yule mama akaniuliza, “Mchungaji, hivi yale maombi yake yalifika wapi?” Nikamwambia, “Mama, sasa hivi tunakwenda Laodikia.” Nilipokwisha kusema ndipo nikakumbuka Laodikia inasifika kwa nini, nikajuta: ndilo kanisa ambalo Bwana, katika Ufunuo 3, analiambia kwamba ni vuguvugu, si moto wala baridi, naye atalitapika.

Ule ulikuwa mji wenye fedha. Sufu yake nyeusi ilijulikana mbali, na hata leo Denizli, mji ulio jirani, unaishi kwa viwanda vya nguo na taulo. Mwaka 60 tetemeko la ardhi liliuangusha, na mwanahistoria Tacitus ameandika kwamba Laodikia iliinuka kwa mali yake yenyewe bila msaada wa Roma. Kwa hiyo waliposema “Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu,” hawakuwa wanajigamba ovyo. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba wanaweza kujitegemea. Ndiyo maana kauli ile inatisha.

Kisha tukaonyeshwa mabomba. Maji ya mji yaliletwa kutoka chemchemi za mbali kwa mabomba ya mawe na ya udongo, na maji ya bonde lile yana chokaa nyingi. Bomba moja lilikuwa limeziba karibu lote. Utando mweupe umejipanga ndani tabaka juu ya tabaka, katikati pamebaki tundu dogo. Yule mama akainama, akapitisha kidole. “Kumbe ni kama birika langu la nyumbani,” akasema. Anatoka sehemu ya maji ya chumvi.

Upande wa kaskazini tuliona weupe wa Pamukkale, ndiyo Hierapoli, ambako maji ya moto yanabubujika na tangu zamani watu huenda kuoga wapate nafuu. Kule tulikotoka, Kolosai, ni maji baridi ya mlimani. Ya moto yana kazi yake, na baridi ina kazi yake. Nami kwa miaka mingi nimehubiri uvuguvugu kana kwamba ni upungufu wa kelele kanisani, kwamba waumini hawaruki wala hawapigi vigelegele. Pale nilitubu. Bwana anawaambia heri wangekuwa baridi au moto. Maji ya katikati hayamponyi mgonjwa wala hayamkati mtu kiu.

Lakini swali la mama lilikuwa bado linanisumbua. Wengi huhesabu kwamba kati ya waraka wa Kolosai na Ufunuo ilipita miaka kama 30. Miaka 30 baada ya jasho la Epafra, kanisa aliloliombea linaambiwa litatapikwa. Ningekuwa Epafra ningevunjika moyo.

Nikafungua Ufunuo 3:19 palepale. “Wote niwapendao mimi nawakemea, na kuwarudi, basi uwe na bidii, ukatubu.” Bidii! Katika Biblia yetu ya Kiswahili ni neno lile lile la Epafra. Alichokuwa akikifanya yule mfungwa kwa niaba yao, Bwana sasa anawadai wao wenyewe. Na akiisha kukemea haondoki. Anasimama mlangoni, anabisha.

Mwongozaji akatupeleka kwenye jengo lililofunikwa paa, tukatembea juu ya njia ya vioo. Chini yetu kulikuwa na sakafu yenye nakshi za vijiwe, na kisima cha kubatizia. Ni kanisa la karne ya 4, lililogunduliwa mwaka 2010. Kanisa la Laodikia! Lile lililokutana kwenye nyumba ya Nimfa, anayesalimiwa na Paulo katika somo letu, likawa vuguvugu, likaonywa, karne mbili na zaidi baadaye lilikuwa bado linabatiza watu.

Epafra hakuiona sakafu ile. Nilitaka kumwambia mama hivyo, nikamkuta ameshika ukingo, anatazama kisima cha ubatizo, midomo inacheza. Nilisikia jina la mwanawe. Nikangoja hadi akanigeukia.

“Mchungaji, kesho si Jumatano?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi waambie hotelini wasiniwekee chai.”