Wachezaji wangu hawakuwa likizo

Mwaka juzi, mwezi wa saba, wachezaji wangu watatu walivuta nyama za paja ndani ya siku tisa. Wote nyuma ya paja, wote mguu ule wanaopigia mpira. Chuo kimefungwa, ratiba haina mechi hata moja, na programu ya mazoezi ya likizo nimeiandika mimi kwa mkono wangu. Bosi wa michezo pale chuoni aliponiuliza, "Mwalimu, hawa wanaumia wakicheza na nani?" nilibaki natazama viatu vyangu.

Niseme mapema kwamba mimi nafundisha uhasibu. Timu nilikabidhiwa kwa sababu nina leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la mpira wa miguu Afrika, na kwa sababu aliyekuwa nayo alihamia mkoani. Kazi ya kujenga misuli na pumzi nimejifunzia kazini, na sehemu kubwa nimejifunza kwa kuharibu.

Programu ile ya kwanza niliiokota kwenye video za Wamarekani, zile za timu za vyuo vyao vinavyocheza mpira wa yai. Ukumbi wa vyuma mkubwa kama ghala la bandarini, vijana wa kilo 130 wanachuchumaa na chuma begani, kocha anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Nikanogewa. Sikujiuliza hata swali moja: yule kijana anapambana sekunde tano sita, halafu wanasimama wote wapange upya. Beki wangu wa pembeni anakimbia kilomita 10 kwa mechi moja. Na hata hao Wamarekani wana kipimo. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vyao, zinataka mazoezi ya lazima nje ya msimu yasizidi saa 8 kwa wiki, na msimu ukiwa umeanza saa 20. Mimi nilikuwa nawakusanya vijana siku sita kwa wiki, saa mbili kila siku. Piga hesabu mwenyewe. Na nilikuwa najiona mpole.

Vyuma vyenyewe tulitengeneza. Makopo ya rangi ya lita nne, zege ndani, bomba la maji katikati, unaacha siku tatu likauke. Jozi moja ilitoka na upande mmoja mzito kuliko mwingine kwa sababu aliyekoroga zege alizidisha kokoto. Ipo mpaka leo, na kila mgeni tunampa hiyo kwanza.

Chanzo cha yale majeraha nilikigundua kwa bahati. Jumapili moja nilikwenda Mbagala msibani. Wakati wa kurudi napita kando ya uwanja wa mchangani, watu wamejaa mpaka juu ya miti, spika inaunguruma, na mtangazaji anamsifia "fundi kutoka chuo". Nikasogea. Fundi mwenyewe ni beki wangu wa kushoto, ambaye Ijumaa aliniaga akichechemea, goti linamsumbua.

Jumatatu nikamwita pembeni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Goti vipi?"

Akainamisha kichwa, akacheka kidogo. "Mwalimu, jana walinipa elfu ishirini na nauli. Likizo hakuna bumu." Bumu ni ile hela ya kujikimu ya wanafunzi.

Hapo ndipo akili ilinikaa sawa. Wale vijana hawakuwa likizo kabisa. Likizo ilikuwa yangu. Ligi ikisimama, ndondo, yaani mechi za mitaani, ndiyo inapamba moto. Kila mtaa una kombe lake, la mbuzi au la jezi, na mchezaji wa chuo ni bidhaa. Nilipowauliza mmoja mmoja bila kufoka, yakatoka mengi. Kumi na moja waliobaki Dar, saba walikuwa wanacheza ndondo. Mmoja alikuwa anashusha marobota Kariakoo alfajiri, kisha anakuja kwangu nimbebeshe kopo la zege. Mwingine anaendesha bodaboda mpaka usiku wa manane, mimi namwamsha saa 12 asubuhi akimbie.

Wenzangu wengi wangepiga marufuku ndondo. Nami niliwaza hivyo siku mbili nzima. Lakini kumkataza kijana elfu ishirini wakati huna cha kumpa ni kumfundisha kukudanganya, na huyu tayari alishafuzu kwenye kudanganya. Basi nikarudi kwenye kazi ninayoijua: kila kinachotoka kiandikwe.

Nikanunua madaftari madogo, moja kwa kila mchezaji. Kila siku anaandika vitu viwili: dakika alizotoka jasho, ziwe za mazoezi, ndondo au marobota, na namba kutoka 1 hadi 10 ya jinsi alivyoona ugumu. Unazidisha. Njia hii si yangu, makocha duniani wanaitumia miaka mingi na mtafiti Carl Foster ndiye aliyeieneza. Haihitaji mashine. Inahitaji kalamu na mchezaji asiyeogopa kusema kweli, na hilo la pili ndilo gumu. Wiki mbili za mwanzo karibu kila mtu aliandika 5. Ikabidi niwaambie wazi kwamba namba kubwa haimtoi mtu kikosini na namba ndogo haimpambi.

Daftari la yule beki wa kushoto, wiki aliyoandika ukweli, nalikumbuka vizuri. Mazoezi yangu ya timu, wakati huo nimeshayapunguza: mara nne, dakika 60, ugumu 6. Hiyo ni 1,440. Ndondo mara tatu, dakika 90, ugumu 8. Hiyo ni 2,160. Jumla 3,600, na zaidi ya nusu ni kazi ambayo mimi mwenye timu sikuwa naijua. Ni sawa na kufunga hesabu za duka wakati kuna droo ya pili chini ya kaunta.

Mwaka jana, kabla chuo hakijafungwa, nikapanga upya. Mara tatu kwa wiki tu: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa 12 asubuhi, dakika 75. Jumatatu hakuna kitu kwa sababu Jumapili ni siku ya ndondo na mwili unataka siku mbili tatu kurudi. Anayecheza ndondo katikati ya wiki, siku inayofuata anakuja kunyoosha na kutembea tu. Wa Kariakoo nilimwondolea vyuma kabisa. Yule hahitaji mimi nimfundishe kunyanyua, mgongo wake tayari ni wa mbao. Alihitaji kasi, na kulala.

Zoezi nililoling'ang'ania kuliko yote ni la kushuka kwa magoti. Wataalamu wanaliita la Nordiki. Mmoja anapiga magoti kwenye mkeka, mwenzake anamkandamiza vifundo vya miguu kwa nguvu zote. Aliyepiga magoti ananyoosha mwili kuanzia magotini mpaka kichwani, kisha anaanguka mbele polepole, polepole kadiri awezavyo, akizuia kwa misuli ya nyuma ya paja peke yake. Kuna mahali, kama mwili umelala nusu, misuli inasalimu amri na anadondokea viganja. Lengo ni kusogeza mahali hapo chini kila wiki. Tafiti zilizojumlishwa pamoja mwaka 2019 zilionyesha kuwa timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Limo pia ndani ya programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ile ya dakika 20, ambayo nayo tuliifanya kila siku ya mazoezi.

Siku ya kwanza nilifanya nao ili wasione nawaonea. Nilidondoka kama gunia. Kipa alinishika miguu huku anacheka mpaka akaniachia. Kesho yake beki wa kati akanitumia sauti: "Mwalimu, nimeshindwa kushuka daladala, konda kanishika mkono kama bibi." Kwa hiyo usianze na mengi. Sisi tulianza seti mbili za matano kwa wiki, mara moja tu, tukapanda taratibu mpaka wiki ya tisa tukawa tunafanya seti tatu za manane, mara mbili kwa wiki. Waliokuwa nyumbani, Tanga, Mbeya na Kigoma, walifanya kwa kuingiza miguu chini ya kitanda au kumkalisha mdogo wake juu ya vifundo, halafu wananitumia picha ya daftari bando likiruhusu.

Kupima pumzi tulitumia jaribio la Yo-Yo la Jens Bangsbo wa Denmark: mita 20 kwenda, mita 20 kurudi, sekunde 10 za kutembea, na mlio unaharakisha kidogo kidogo mpaka ubaki nyuma mara mbili. Sauti ipo kwenye simu, unaunganisha na spika. Mara ya kwanza nilipima uwanja kwa hatua. Vijana wakatoka na matokeo ya ajabu, kiungo mmoja akaanza kujiita injini. Jioni nikarudi na futi kamba ya fundi: mita 18 na kitu. Mhasibu mzima! Tukarudia Jumamosi, injini ikazima mapema sana.

Mchangani Coco Beach tulikwenda mara chache, maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga mgumu wa karibu na bahari. Mchanga laini wa juu unapendeza kwenye picha lakini unakula vigimbi, na mchezaji aliyetoka ndondo juzi hana vigimbi vya kupoteza.

Jambo moja sikulijua mwaka wa kwanza, na linanitisha nikilikumbuka. Mwaka 2006 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Rice University kule Texas alianguka kwenye mazoezi ya mbio za kurudiarudia na kufariki. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, na mwili ukisukumwa hadi mwisho bila kupumzika, damu ya mtu wa namna hiyo inaweza kubadilika vibaya. Tangu 2010 vyuo vya daraja la juu la NCAA vinatakiwa kujua hali ya kila mchezaji. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye selimundu kwa wingi duniani, na mimi nilikuwa nawakimbiza vijana mbio za adhabu bila kumuuliza mtu hata swali.

Sasa nauliza siku ya kwanza, pembeni, mmoja mmoja: nyumbani kwenu kuna mwenye selimundu? Mmoja alinijibu mdogo wake anayo. Akaenda kupima, akakuta amebeba. Anacheza kama kawaida, hakuna daktari aliyemkataza. Kilichobadilika ni kwamba mbio za mfululizo anakwenda kwa mwendo wake, anapumzika muda mrefu kuliko wenzake, maji hayamtoki mkononi, na akisema misuli inakaza tunasimama hapohapo, hakuna "malizia moja". Mbio za adhabu nimezifuta kwa timu nzima. Anayechelewa anakusanya koni.

Chakula sitakizungumzia sana maana hela ndiyo inayopanga menyu. Mchezaji wa kilo 65 anayejenga misuli anahitaji protini gramu 100 hivi kwa siku. Yai lina 6. Nilichofanya ni kukaa na mama ntilie aliye nje ya uwanja, tukakubaliana kwamba vijana wangu wakija baada ya mazoezi wapewe maharage mara mbili na wali kiasi, au ugali na dagaa wa kujaza bakuli, kwa bei ileile. Chipsi mayai walizoea kula usiku. Sikuzikataza, niliwaomba tu ziwe mayai kuliko chipsi.

Matokeo? Mwaka jana mmoja alivuta paja, na mmoja akateguka kifundo akishuka kwenye bodaboda, hilo sijui niliweke safu gani. Mechi yetu ya kwanza baada ya chuo kufunguliwa tulitoka sare ya bila kufungana, na dakika ya themanini walikuwa bado wanakimbia. Siwezi kusema ni zoezi la magoti, ni kulala, au ni kwa sababu nilipunguza uchu wangu.

Mwezi wa nane huu, Jumamosi usiku, beki wa kushoto akanitumia ujumbe. "Mwalimu, kesho kuna fainali ya mtaa. Wanatoa elfu ishirini na tano. Nakuaga mapema safari hii." Nikamjibu acheze kipindi kimoja. Akanirudishia kidole gumba.

Jumanne asubuhi alinikabidhi daftari huku anaangalia bahari, na pale tulipo bahari haionekani. Jumapili: dakika 90, ugumu 9. Chini yake, kwa kalamu nyingine, ameongeza: "na matuta ya penalti."

Nikamwambia avue njumu akasaidie kukusanya koni.