Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Chenso Ndogo, Mafinga

Watu wakisikia kwamba natengeneza chenso, yaani msumeno wa mnyororo, hudhani kazi yangu ni kuvuta kamba mpaka injini iitike. Nimeona niandike siku yangu ya Jumanne iliyopita, ambayo haikuwa mbaya kuliko nyingine, ili anayedhani hivyo aone.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimekwishafungua kibanda changu nyuma ya yadi za mbao. Huu ni mwezi wa 7, na baridi ya Mafinga haimhurumii mtu anayeshika chuma kabla jua halijapanda. Chenso kubwa zinazoangusha misindano huenda kwa mafundi wengine. Mimi nashughulika na ndogo, zile zenye injini ya sentimita za ujazo 30 hadi 40 hivi, ambazo watu hununua kwa ajili ya kupogolea miparachichi, kukata kuni na kuandaa nguzo za uzio.

Hadi saa tatu nilikuwa nimenoa minyororo minne. Mnyororo wa bapa (kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka) la inchi 14 ninaoupokea mara nyingi una viungo vya kuendeshea 50, yaani vile vinavyopita kwenye mfereji wa bapa, na meno 25, kwa hiyo upande mmoja huwa na meno 13 na mwingine 12. Natumia tupa ya duara ya milimita 4, naisukuma kwenda mbele tu kwa pembe ya nyuzi 30, mara tatu kwa kila jino, kisha naruka jino linalofuata kwa sababu linatazama upande wa pili. Anayenoa upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine atashangaa kuona msumeno unakata kwa kupinda. Ndiyo maana mteja akilalamika kwamba chenso yake imeishiwa nguvu, kabla ya kugusa injini humuuliza inatoa nini inapokata: chenga au unga? Ikiwa ni unga, injini haina kosa, meno ndiyo butu.

Saa nne alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hakuwa na chenso yoyote ya kutengenezwa. Alinisalimu, "Kamwene," akaketi kwenye gogo la wageni na kuniambia kwamba ana miparachichi 60 na kwamba dukani wamemwonyesha mashine yenye bapa la inchi 22, wakamwambia kubwa ndiyo inayodumu.

"Mama, mti wako mnene kuliko yote una unene gani?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa mikono miwili, kama anayeshika sufuria ya wali wa watu watano. Nikamweleza kwamba kwa matawi ya namna hiyo bapa la inchi 12 au 14 linatosha kabisa, na kwamba bapa refu kwenye injini ndogo huifanya injini ichoke bure na ncha yake igonge tawi la nyuma ambalo mkataji hakuliona, na hapo ndipo msumeno unapomrukia mtu usoni. Nikampa mashine ya mteja mwingine aibebe mikononi. Chenso iliyoandikwa kilo nne hupimwa bila bapa, mnyororo wala mafuta. Ukishavifunga na kujaza matangi yake, unabeba zaidi ya kilo tano, na anayepogoa huzibeba siku nzima. Nikamshauri pia aulize kwanza kama plagi, kabureta na mnyororo wa mashine hiyo vinapatikana hapahapa mjini, maana chenso ya bei nafuu isiyo na spea ni pambo la stoo. Akaniuliza kuhusu zile za betri. Nikamjibu kwamba kwa matawi ni nzuri, hazina kabureta ya kusumbua, lakini shambani kwake hakuna umeme, na betri moja haimalizi miti 60. Matawi yenye unene wa kifundo cha mkono nikamwomba ayaachie msumeno wa mkono. Alinishukuru akaondoka. Sikupata hata shilingi, na sikuona ubaya wowote.

Ubaya ulikuja saa sita, ndani ya gunia.

Bwana huyu, ambaye nitamwita Bosi kwa kuwa ndivyo alivyotaka aitwe, alitua gunia juu ya meza yangu ya kazi, juu ya kabureta niliyokuwa nimeifungua, na kusema mbele ya kijiwe kizima, "Fundi, umeniulia mashine." Wiki moja kabla nilikuwa nimemnolea mnyororo na kusafisha kichujio cha hewa, basi. Nilivuta kamba, ikaja laini kama kamba ya kisima isiyo na ndoo. Fundi yeyote anajua maana yake: mgandamizo haupo, yaani pistoni haibani tena hewa ndani ya silinda.

"Bosi, mafuta unachanganyaje?"

"Kama ulivyoniambia."

Nilichomwambia, kwa sababu humwambia kila mtu, ni mililita 100 za oili ya injini za mipigo miwili kwa lita tano za petroli, ipimwe kwa chupa yenye alama wala si kwa macho, na isiwe oili ya pikipiki. Injini hizi hazina oili yake chini kama ya gari. Kinacholainisha pistoni ni ile oili iliyomo ndani ya petroli. Nikalifungua bapa na mnyororo, nikaviweka kando, nikatoa plagi, kisha nikafungua eksozi na kumulika kwa tochi ya simu. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu mithili ya ngozi iliyokwaruzwa na paka, hasa upande wa eksozi kwenye joto kali. Nikamwita atazame, akatazama, akasema hiyo michirizi nimeiweka mimi kwa bisibisi.

Ndipo nikachana ukurasa wa daftari. Nikadondosha tone moja kutoka kwenye galoni yangu na tone lingine kutoka kwenye tangi lake, tukakaa kungoja huku vijana wa kijiwe wakiinama kama wanaoangalia mchezo wa bao. Petroli tupu hukauka ikaacha karatasi safi. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Tone langu liliacha doa. La kwake lilipotea lote.

"Hiyo karatasi ni yako," akasema.

Kijana aliyekuwa amembebea gunia, ambaye hadi hapo hakuwa amefungua mdomo, ndiye aliyemaliza ubishi kwa kutamka taratibu kwamba mashine ilikuwa kwa shemeji yake Bosi tangu Ijumaa, ikipasua magogo ya milingoti kuwa mbao, na kwamba oili ilipoisha walijaza petroli peke yake ili wamalizie. Chenso ya kupogolea, kupasua mbao, siku tatu! Nilidhani hapo tumefika. Kumbe tulikuwa tunahama tu kutoka kwenye kosa kwenda kwenye bei. Silinda na pistoni mpya, pamoja na ufundi, vinakaribia nusu ya bei ya mashine mpya ya aina hiyo, nami nilimweleza hivyo bila kumficha. Akanitaka nipige pistoni msasa na kurudisha ringi ileile. Nikakataa, kwa sababu ingewaka siku mbili, na siku ya tatu angerudi kuniambia tena kwamba nimeiua. Alibisha, akapiga simu, akabisha tena, na katika muda huo wateja watatu walifika, wakasikiliza kidogo na kwenda zao. Mwishowe akairudisha mashine guniani akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo sikutazama saa. Nilikula ugali na maharage yaliyokwishapoa nikiwa nimesimama. Nikabadilisha kiwambo cha kabureta kilichokauka kwa sababu mashine ililala na mafuta tangu masika. Nyingine mnyororo wake ulizunguka hata injini ikiwa haijaongezwa kasi, nikakuta springi ya klachi imekatika. Ya tatu ilikuwa imetiliwa oili chafu ya gari kwenye tangi la kulainisha mnyororo, pampu imeziba kwa tope jeusi, na niliisafisha nikiwa sisikii tena ncha za vidole.

Jua lilipozama nilifagia chenga, na chini ya meza nikakuta bapa na mnyororo wa Bosi. Katika hasira zake alibeba mashine akaviacha. Nikalisogeza bapa kwenye mwanga: tundu la oili limeziba kabisa, kingo za mfereji zimeungua zikawa za buluu, na kwenye mnyororo meno manne yamekatika kwa kugonga kitu kigumu, msumari bila shaka. Wiki iliyopita yalikuwa 25, nimeyanoa moja moja.

Nikalitundika bapa ukutani pamoja na mnyororo wake, nikaandika "Bosi" kwa chaki, nikafunga kibanda.